Joto Lililolala Ukutani

  

Wanafunzi wa fiqhi ya Imamu Shafi, wanapofika katika mlango wa nyakati za Sala, hukutana na mas'ala madogo yaitwayo ibrad, yaani kuipoza Sala. Asili yake ni Hadithi sahihi ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) aliwaamuru Masahaba waicheleweshe Sala ya Adhuhuri joto linapokuwa kali. Wanavyuoni wetu walipoichambua amri hiyo waliiwekea masharti: iwe ni katika nchi ya joto, na iwe ni kwa ajili ya jamaa ya msikitini inayokusanya watu watokao mbali. Na mwanafunzi akiuliza, "Tucheleweshe mpaka lini?", jibu la washereheshaji wa Minhaj ya Imamu Nawawi ni jibu la watu waliotembea kwa miguu katika miji ya jua kali. Hawakutaja saa. Walisema ni mpaka kuta zipate kivuli ambacho mwenye kuiendea jamaa ataweza kutembea ndani yake, mradi isipindukie nusu ya wakati.

Tumelisomesha somo hilo miaka mingi, na aghalabu wanafunzi hulipita mbio, kwa sababu Mombasa ya leo mtu haendi msikitini kwa kivuli cha ukuta. Huenda kwa pikipiki. Lakini hebu tulitazame vizuri. Hukumu hiyo inachukulia kwamba mji una kuta ndefu na njia nyembamba, na kwamba jua likishapinduka kidogo tu, upande mmoja wa njia utakuwa na kivuli. Katika barabara ya mita 30 iliyotiwa lami, yenye nyumba za ghorofa moja kila upande, kivuli hicho hakiji mpaka Alasiri imekaribia. Faqihi aliyeandika maneno yale alikuwa akiujua mji wake kama fundi anavyoijua nyumba aliyoijenga.

Wataalamu wa zama zetu nao wamelifikia jambo hilo kwa vipimo. Tangu mwanzo wa karne ya 19, Mwingereza Luke Howard alionyesha kwamba London ilikuwa na joto zaidi kuliko mashamba yaliyoizunguka, hususan usiku. Yaani mji hujitengenezea hali yake ya hewa. Na katika nchi kavu zenye joto, njia za mji ndizo zenye kuamua hali hiyo. Katika mji wa Fez, Morocco, mtafiti Erik Johansson alipima joto katika njia nyembamba yenye kuta ndefu za mji wa kale, na katika barabara pana ya mtaa mpya. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006. Wakati wa kiangazi, mchana, njia ile nyembamba ilikuwa na ubaridi zaidi kwa digrii 6 kwa wastani katika saa za tofauti kubwa, na katika siku za joto kali mno tofauti ilifika digrii 10. Mji ni mmoja na jua ni moja. Kilichobadilika ni umbali baina ya ukuta na ukuta. (Insafu yatulazimu tuseme pia kwamba wakati wa baridi aliona barabara pana ndiyo yenye raha zaidi, kwa kuwa jua huingia.)

Wapo wenzetu wanaodhani kwamba vichochoro vya miji ya Kiislamu ni dalili ya kutojua mipango. Sivyo. Kuna Hadithi inayojulikana kwamba watu wakikhitilafiana juu ya upana wa njia, ifanywe dhiraa saba, nazo ni mita tatu na kitu. Wanavyuoni wakaeleza kuwa ni kadiri ya kupishana wanyama waliobeba mizigo. Na huko Tunis, katika karne ya 14, alikuwako fundi mwashi aitwaye Ibn al-Rami, ambaye makadhi walikuwa wakimtuma akague majengo yenye ugomvi, na ambaye aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo: moshi wa tanuri, harufu, kelele za vinu, dirisha linalochungulia uani kwa jirani. Twajiuliza angesema nini lau angepita leo katika kichochoro chenye viyoyozi kumi, kila kimoja kikipoza chumba cha mwenyewe kwa kulitupa joto lake usoni mwa mpita njia na dirishani mwa jirani. Kwani kiyoyozi hakiui joto. Kinalihamisha tu, na kinaongeza juu yake joto la mtambo wenyewe.

Sababu ya kuyaleta haya ni bweni la chuo cha Tana River, ambalo wengi wenu mlilichangia Ramadhani iliyopita na ambalo hadi leo halijainuliwa hata tofali moja. Mmeuliza, na mna haki ya kuuliza. Lakini kabla ya Tana hatuna budi kupitia Hadhramaut, maana rai yetu katika jambo hili ilianzia huko.

Tulikaa Tarim miaka minne, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kutafuta elimu. Mtu wa pwani akifika kule hupatwa na kitu ambacho hakukizoea: joto lisilo na jasho. Kiangazi hupita digrii 40 mchana, lakini hewa ni kavu kiasi kwamba nguo uliyoifua huikuta imekauka kabla hujamaliza kufua ya pili. Midomo hupasuka. Halafu jua likizama, mbingu haina wingu wala unyevu wa kuifunika ardhi, joto hupaa kwenda zake, na kabla ya Alfajiri mtu hutafuta shuka. Tofauti ya mchana na usiku yaweza kufika digrii 15. Hapa Mombasa tofauti hiyo ni digrii 7 au 8, na hewa yetu iliyojaa maji hulishika joto kama blanketi lenye umaji.

Nyumba za kule zimejengwa kwa tofauti hiyo. Tofali lao huitwa madar, nalo ni udongo wa wadi uliokandwa kwa maji na makapi makavu, ukatandazwa katika kalibu ya mbao, ukaachwa juani. Halichomwi, na kwa hiyo haliteketezi hata ukuni mmoja. Kwa udongo huo wamejenga mnara wa msikiti wa al-Muhdhar, ulio juu zaidi ya mita 40, na kwa udongo huo matajiri wa ukoo wa al-Kaf, waliochuma mali yao mashariki ya mbali, walijenga makasri yao. Na ukienda magharibi, ukapita Say'un, utafika Shibam, mji wa maghorofa ya udongo yaliyosongamana ndani ya ukuta mmoja kama watu waliobanana safuni. Nyingi katika nyumba zile zina asili ya karne ya 16, baada ya mafuriko makubwa ya miaka ya 1530. UNESCO iliuweka mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982.

Siri ya ukuta mnene wa udongo ni kwamba una subira. Jua la asubuhi huupiga upande wa nje, na joto huanza safari ya kwenda ndani polepole. Ukuta wa sentimita 40 huchukua saa 10 hivi, au zaidi, kulipitisha. Basi joto la Adhuhuri hufika chumbani usiku, wakati ambapo nje kumekwisha kupoa na madirisha yamefunguliwa. Na ubaridi wa usiku nao hufika chumbani mchana, wakati wa kuhitajiwa. Tuliokuwa tukisoma katika vyumba vya chini tulikuwa tukiingia kutoka juani kama mtu aingiaye pangoni.

Jambo hili limepimwa pia. Msanifu majengo wa Kimisri, Hassan Fathy, aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki 1989, ameeleza majaribio yaliyofanywa Cairo mwezi Machi mwaka 1964. Vilijengwa vyumba vya majaribio, kimojawapo kwa matofali ya udongo yenye unene wa sentimita 50, na kingine kwa vipande vya zege vya sentimita 10 vilivyotengenezwa kiwandani. Katika chumba cha udongo joto la ndani halikubadilika zaidi ya digrii 2 usiku na mchana. Lilikuwa kati ya 21 na 23. Katika chumba cha zege lilipanda mpaka 36, yaani digrii 9 zaidi ya hewa ya nje. Soma tena hapo, ndugu msomaji: aliyekaa ndani ya chumba kile alikuwa na joto kuliko aliyesimama nje. Na kile ndicho chumba tunachowajengea watoto wetu kila siku, kisha tukawaambia wahifadhi juzuu.

Kuna hila nyingine za nchi kavu ambazo ni lazima zitajwe kwa tahadhari. Mathalani mashrabiya, ile roshani ya mbao iliyotobolewa kwa urembo. Wenye kujua sarufi watatambua kuwa jina lenyewe latokana na kunywa, maana ndipo ilipokuwa ikiwekwa mitungi ya maji ya kunywa. Upepo mkavu ukipita juu ya mtungi unaovuja jasho, maji hugeuka mvuke, na mvuke huo huchukua joto. Maji hupoa na hewa ya chumba hupoa. Vivyo hivyo minara ya upepo ya Yazd, nchi ya Uajemi, ambako ule wa bustani ya Dowlatabad una urefu wa mita 33 hivi, huivuta hewa ya juu na kuipitisha juu ya maji. Ni mambo mazuri. Lakini mwenye nyumba Old Town akiyaiga kama yalivyo atakuwa ameongeza maji katika hewa iliyokwisha kushiba maji, na atapata ukungu ukutani tu. Wazee wa Lamu walikuwa na kuta nene za matumbawe na vichochoro vyembamba, naam, lakini walitegemea kusi na kaskazi kuliko walivyotegemea ukuta. Nyumba hupewa kiwanda katikati, na juu huwekwa kipaa cha makuti kisicho na kuta, mtu akalala upepeni. Hata upana wa vyumba vyao uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, boriti zile zile zilizokuwa zikisafirishwa kwa majahazi kwenda kuezekea nyumba za Ghuba. Kila nchi ina dawa yake.

Tana si Lamu. Ukiiacha pwani ukapanda na mto, baada ya Garsen hewa hubadilika, na ukifika pande za Hola umeingia katika nchi kavu: miiba, vumbi jekundu, mikoma, na usiku wenye nyota nyingi kuliko tunazoziona sisi. Chuo chetu kiko huko. Kina watoto wa bweni wapatao 40, na wanalala katika jengo la bloki za simiti za inchi sita, lililoezekwa mabati bila dari, madirisha madogo mawili. Bati likipigwa na jua la mchana hupita digrii 60. Tumeligusa, na hatukuweza kuhesabu mpaka tatu. Usiku, jengo lile huwa kama tanuri lililozimwa sasa hivi. Watoto hufanya ambalo mtoto yeyote angefanya: walezi wakishalala, huvuta mikeka yao nje. Nje kuna mbu, kuna nge, na kuna nyoka. Mwaka jana kijana wa miaka kumi na moja aliumwa na nyoka mguuni. Mwenyezi Mungu alimwokoa, lakini mguu ule hautembei tena kama ulivyokuwa, na mama yake amemrudisha nyumbani. Hayo ndiyo yaliyotufanya tuwaombe mchango.

Michango ilipopatikana, ramani mbili zililetwa mbele ya kamati. Ya kwanza ilikuwa ya bloki na mabati kama zamani, kubwa zaidi, ikiwa na dari ya plaiwudi na viyoyozi vinne ambavyo mhisani mmoja amejitolea kuvinunua. Twamwombea dua. Lakini kiyoyozi si sadaka ya mara moja. Ni bili ya kila mwezi kwa chuo ambacho sasa hivi hununua unga kwa mkopo, na stima ya kule hukatika wakati ule ule inapohitajiwa. Na chumba chenye kiyoyozi hufungwa madirisha. Stima ikikatika saa nane za usiku, watoto 40 wamo ndani ya sanduku.

Ramani ya pili ilikuwa ya kijana msanifu majengo, mtoto wetu wa mtaani, aliyesoma kazi hiyo vizuri. Yeye alitaka jengo lote liwe la kuta nene za udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine. Kamati ikatutuma sisi na yeye tukakae na wenyeji, kwa kuwa ilijulikana tumewahi kuishi katika nyumba za aina hiyo.

Tukakaa barazani baada ya Alasiri. Kijana akaeleza yake, na sisi tukaeleza habari za Tarim. Watu walisikiliza kwa adabu. Kisha mzee mmoja, ambaye ndiye aliyetoa kiwanja cha chuo, akasema, "Sheikh, tumekushukuruni. Lakini tumengoja mchango wa Mombasa miaka miwili, na sasa mwatuletea udongo. Udongo tunao. Mimi nimezaliwa katika udongo na babangu amefia humo. Tulidhani watoto wa chuo watatoka humo."

Hatukuwa na la kumjibu hapo hapo, na hata sasa hatuoni kuwa maneno yale yanajibika kwa digrii na sentimita. Yalitukumbusha yaliyompata huyo huyo Hassan Fathy. Mwaka 1946 alianza kujenga kijiji cha New Gourna, karibu na Luxor, ili wahamie watu waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale. Alikijenga kwa udongo, kwa kuba na matao ya mafundi wa Kinubi yasiyohitaji mbao za kushikilia, na msikiti wake ungali unasifiwa duniani kote. Aliandika kitabu juu ya kazi hiyo, na wasanifu wa nchi nyingi wamekisoma. Watu waliojengewa, wengi wao, walikataa kuhamia. Riziki yao ilikuwa juu ya makaburi yale. Na kuba, ambayo kwa msanifu ilikuwa uzuri na ubaridi, kwa baadhi yao ilikuwa ni alama ya kaburi. Sisi tunamtukuza mtu yule, lakini twaona kwamba nyumba ambayo mwenye kulala ndani yake anaionea haya, hata ikiwa baridi vipi, bado haijawa nyumba.

Ndipo mama mmoja, mpishi wa chuo, aliyekuwa amekaa upande wa wanawake, akaomba ruhusa ya kuuliza. "Maalim," alisema, "mmesema ukuta mnene hulimeza joto mchana kutwa. Na hilo joto lililolala ukutani, usiku laenda wapi? Maana watoto mchana wako darasani. Bwenini huingia usiku."

Kijana msanifu aliinamisha kichwa akaanza kuchora upya pale pale. Hilo ndilo swali lenyewe, na jibu lake tulikuwa tumelijua kwa miili yetu miaka ile. Tarim hakuna aliyekuwa akilala chini wakati wa kiangazi. Mchana tulikuwa chini, ndani ya pango letu la udongo. Jua likizama, kuta zinapoanza kuyatema yale ziliyoyameza, tulibeba matandiko tukapanda juu, kwenye sakafu ya paa iliyozungushiwa kiambaza kirefu cha sitara. Hadhramaut mtu huhama ndani ya nyumba yake mara mbili kwa siku, kama mfugaji afuataye malisho. Nyumba ile ni nyumba mbili: nzito ya mchana na nyepesi ya usiku.

Basi ramani iliyotoka barazani pale si ya kwanza wala si ya pili. Chini yatakuwa madarasa, yenye kuta za sentimita 40 za udongo ulioshindiliwa, zilizopakwa chokaa nyeupe nje ili lirudishe mwanga wa jua. Jengo litalala mashariki kwa magharibi, kwa kuwa huku kwetu karibu na ikweta jua la saa sita huwa juu ya utosi, na lenye kuudhi ni lile la asubuhi na la jioni linaloingia ubavuni. Kwa hiyo ncha mbili fupi ndizo zitakazolikabili, nazo hazina dirisha. Madirisha ya kusini na kaskazini yatakuwa na vibaraza mbele yake, yafungwe mchana na yafunguliwe usiku kucha. Juu ya madarasa patakuwa pa kulala: nguzo, waya wa kuzuia mbu pande zote, kiambaza cha sitara hadi kifuani, na mikeka mikubwa ya majani ya mkoma ya kushusha upepo wa vumbi ukija. Paa ni mabati vile vile. Bati ni jepesi. Likitiwa tundu refu kileleni la kutolea hewa, baada ya Magharibi halichukui muda kupoa. Na ghorofa hiyo ya juu itakuwa mwavuli wa madarasa, isiliache jua liipige dari yao.

Kuna faida nyingine tuliyoiona baadaye, nayo si ndogo. Mto Tana hufurika. Waliokuwako wakati wa El Niño ya 1997, na waliokuwako mwaka 2024, hawahitaji kuelezwa. Udongo na maji si marafiki. Mafuriko ya Hadhramaut ya Oktoba 2008 yaliua watu na kuangusha maelfu ya nyumba za udongo, na hata katika mwaka wa kawaida nyumba ya Shibam isiyopakwa chokaa juu huanza kuyeyuka kama sukari guru. Kwa hiyo msingi wetu utakuwa wa mawe, utainuliwa juu ya alama ya maji ya 2024 ambayo bado yaonekana ukutani mwa jengo la zamani, na maji yakipita hata hapo, watoto watakuwa wamelala juu.

Ugumu uliobaki ni wa aina mbili. Ngazi, sakafu ya zege na nondo zake zimezidi mchango uliopo. Mhisani wa viyoyozi ameombwa akubali fedha zile zigeuzwe kuwa nondo, na twangoja jawabu lake. Sadaka iliyonuiwa jambo maalumu haigeuzwi bila ya idhini ya mwenyewe, na hilo kamati imelishika sawasawa.

La pili ni mzee. Hakukataa, na hakukubali. Alitupa sharti, nalo ni sharti la mtu mwenye akili: tuanze na nyumba ya maalim. Ijengwe kwa udongo huo huo wa mashine, kwa chokaa hiyo hiyo. Masika yakija yakapita nayo imesimama, mchwa wakija wakaishindwa, na maalim akiwa angali anakaa humo na mkewe bila ya kulalamika, ndipo madarasa yajengwe. Kijana msanifu aliona kuwa tunapotezewa mwaka. Sisi twaona kuwa mtu aliyetoa ardhi yake kwa ajili ya Qur'ani ana haki ya kuiona nyumba kabla ya kuiamini, na kwamba maalim akionekana anaishi ndani ya udongo kwa heshima, neno lile la "udongo tunao" litakuwa na maana nyingine mdomoni mwake.

Kazi imeanza. Mashine imekodiwa, na matofali ya kwanza yameshindiliwa na kufunikwa kwa majani ya mkoma ili yasikauke kwa haraka. Vijana wakubwa wa chuo huyanyunyizia maji kila asubuhi baada ya darsa. Nyumba ya maalim ni vyumba viwili na ukumbi, na inatarajiwa kuezekwa kabla ya mvua za Aprili. Mwarobaini na mikwaju imepandwa upande wa magharibi, ingawa kivuli chake watakifaidi watoto ambao bado hawajazaliwa.

Lakini hadi bweni litakapokamilika, watoto bado wanalala nje. Kamati imewaruhusu waziwazi sasa, badala ya kujiiba, na kumejengwa jukwaa la miti lililoinuliwa kutoka chini, lenye kuwatosha wote. Kinachokosekana ni vyandarua. Viko 17, vyahitajiwa 40. Mwenye chandarua, kipya au kikuukuu kisichotoboka, akilete ofisini baada ya Sala ya Ijumaa. Gari la Hola huondoka Jumapili alfajiri.